Kutoka Duo hadi Okestra: Majina ya Bendi za Jazi na Idadi ya Wapigaji

Bendi ya jazi ya watu wawili huitwa duo, ya watatu trio, ya wanne kwarteti, ya watano kwinteti, ya sita seksteti, ya saba septeti, ya wanane okteti na ya tisa noneti. Wakifika kumi majina huanza kuyumba, na kuanzia kumi na wawili hivi kwenda juu kundi huwa bendi kubwa, au okestra. Ngazi hii huonekana kama hesabu tupu, lakini ilichukua zaidi ya nusu karne kujengwa, na karibu kila kidato chake kina kisa chake: kodi na sheria za miji, mikataba ya kampuni za santuri, ukubwa wa kumbi za dansi, na zaidi ya yote swali ambalo kila kiongozi wa bendi alilazimika kulijibu, yaani muziki uandikwe kiasi gani na kiasi gani waachiwe wapigaji wabuni papo hapo. Majina ya hesabu yenyewe ni ya kuazima. Yalitoka katika muziki wa Ulaya, ule wa vikundi vidogo vilivyopiga kwenye nyumba za watu wenye nafasi, na wanamuziki wa kwanza wa jazi hawakuyatumia.

Mwishoni mwa karne ya 19 mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, ulikuwa na aina mbili kuu za vikundi vya muziki, na jina la kila aina lilieleza kazi yake na mahali pake. Bendi ya matarumbeta ilitembea barabarani. Excelsior Brass Band, iliyoanza mwaka 1879, na Onward Brass Band zilisindikiza mazishi, maandamano ya vyama vya kusaidiana na sherehe za Mardi Gras, zikiwa na wapigaji kumi hadi kumi na wawili wa koneti, tromboni, klarineti, tuba na ngoma. Okestra ilikaa ndani. Katika mji huo neno okestra halikudai watu wengi. Sita au saba wenye fidla kati yao, wakipigia dansi ukumbini, walitosha kuitwa hivyo. John Robichaux, aliyeongoza okestra iliyoheshimika kuliko nyingine nyingi, alikuwa na wapigaji waliosoma nota. Mshindani wake, Buddy Bolden, mpiga koneti aliyezaliwa mwaka 1877, alisifika kwa mlio uliosikika mbali na kwa kupiga bila karatasi. Picha pekee inayojulikana ya bendi ya Bolden, iliyopigwa karibu na mwaka 1905, inaonyesha watu sita: koneti, tromboni, klarineti mbili, gitaa na besi.

Udogo huo ulitokana na namna muziki wenyewe ulivyopigwa. Katika mtindo wa New Orleans wapigaji wa mbele walibuni wote kwa wakati mmoja. Koneti ilishika wimbo, klarineti ikazunguka juu yake kwa noti nyingi za haraka, tromboni ikajaza chini na kuziunganisha sauti za wenzake. Sikio linaweza kuzifuata sauti tatu za namna hiyo kila moja kwa njia yake. Zikiongezwa ala tatu nne nyingine za mbele bila mpango ulioandikwa, kila moja huanza kuikanyaga nyingine. Ndiyo maana watu walistaajabu walipomsikia King Oliver huko Chicago mwaka 1922, alipomwita kijana Louis Armstrong kutoka New Orleans na kuweka koneti mbili katika bendi moja, Creole Jazz Band. Katika santuri walizorekodi mwaka 1923 wapigaji hao wawili wanasikika wakitoa vipande vya ghafla kwa pamoja, kana kwamba wamekwisha kuafikiana, na hawagongani hata mara moja. Ilihitaji watu wawili waliojuana sana. Wengi wengine walibaki na koneti moja.

Wakati huohuo neno okestra lilikuwa na maana tofauti kabisa kaskazini. Tarehe 2 Mei 1912 James Reese Europe alipandisha jukwaani Carnegie Hall, mjini New York, okestra ya chama cha wanamuziki Weusi kilichoitwa Clef Club. Walikuwa zaidi ya 100, wenye mandolini, banjo, fidla, ngoma na piano nyingi. Jina lilikuwa lilelile la watu saba wa Robichaux. Kilichobadilika ni ukumbi na heshima iliyotafutwa: Europe alitaka muziki wa watu wake usikike mahali ambapo okestra za simfoni zilisikika.

Jina lililoshinda yote kwa muda lilikuwa jazz band, na lilitokana na biashara ya santuri. Tarehe 26 Februari 1917 vijana watano weupe wa New Orleans, chini ya mpiga koneti Nick LaRocca, walirekodi New York kwa kampuni ya Victor kwa jina la Original Dixieland Jass Band. Tahajia ya jazz ilifuata baadaye. Muziki huo ulikuwa wa Wamarekani Weusi, na kwamba santuri yake ya kwanza kutoka ilipigwa na watu wengine ni dhuluma ambayo historia ya jazi haiwezi kuikwepa. Hata hivyo santuri ilinunuliwa kwa wingi, na ghafla kila kikundi cha dansi chenye ngoma na honi kikataka kuitwa jazz band. Koneti, tromboni, klarineti, piano na ngoma zikawa muundo wa kuigwa. Kwa miaka michache neno hilo lilimaanisha watu watano hadi saba, wenye kelele na wenye kasi.

Jina hilo lilisafiri mbali kuliko muundo wake. Nchini Cuba jazz band ilikuwa bendi kubwa yenye saksafoni na seti ya ngoma, tofauti na seksteti na septeti za muziki wa son kama Sexteto Habanero na Septeto Nacional ya Ignacio Piñeiro, ambazo huko Havana zilihesabu watu katika majina yao tangu miaka ya 1920. Santuri za Cuba ziliuzwa Afrika katika miaka ya 1930 na zikapendwa sana Kongo na Afrika Mashariki. Pwani ya Waswahili tayari ilikuwa na beni, ngoma ya vyama vya mjini iliyochukua jina lake katika neno la Kiingereza la bendi na kuiga gwaride na matarumbeta ya kijeshi. Ndipo likaja neno jazz. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, ikafuatwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz na, mwaka 1964, NUTA Jazz. Upande wa Kongo, African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka 1956, zilibeba jina hilohilo, na neno la Kifaransa la okestra likaja nazo: Orchestra Maquis na Orchestra Super Matimila zilipiga Dar es Salaam kwa magitaa matatu manne, ngoma na honi chache. Muziki wao ulikuwa wa dansi, wenye asili ya rumba, na si wa Armstrong wala wa kiongozi wa okestra Duke Ellington. Maneno yote mawili yalibaki na maana ya bendi ya mjini, ya kisasa, yenye ala za kununuliwa. Idadi ya watu haikuhusika.

Marekani, hesabu iliingia katika majina ya jazi kwa mlango wa studio. Tarehe 12 Novemba 1925 kampuni ya OKeh ilimrekodi Louis Armstrong mjini Chicago, na santuri zikatoka kwa jina la Louis Armstrong and His Hot Five. Walikuwa kweli watano: Armstrong mwenyewe, Kid Ory kwenye tromboni, Johnny Dodds kwenye klarineti, Lil Hardin Armstrong kwenye piano na Johnny St. Cyr kwenye banjo. Lakini bendi hiyo karibu haikuwapo nje ya studio. Kila usiku Armstrong alifanya kazi katika okestra kubwa za kumbi na majumba ya sinema. Hot Five ilikuwa jina la kuuzia santuri. Mwezi Mei 1927 zilipoongezwa tuba na ngoma, jina likabadilishwa kuwa Hot Seven, na hesabu ikawa sahihi tena. Mwaka uliofuata uaminifu huo ulikwisha. Armstrong alirudi studio pamoja na mpiga piano Earl Hines na wengine wanne, yaani watu sita, na kampuni ikaandika Hot Five kwa sababu wanunuzi waliijua. Mwezi Desemba 1928 walikuwa saba, na lebo ikasema Savoy Ballroom Five.

Mchezo huu wa majina ulikuwa wa kawaida. Red Nichols, ambaye jina lake linafanana kwa sauti na lile la sarafu ya Marekani ya senti tano, aliita bendi yake Five Pennies na hakuliacha jina hilo hata alipokuwa na wapigaji kumi au zaidi. Duke Ellington alirekodi kwa kampuni mbalimbali, na wapigaji walewale wakatokea kama The Washingtonians, The Jungle Band, The Whoopee Makers na The Harlem Footwarmers. Count Basie alipokuwa amekwisha kusaini mkataba na Decca, kikundi kidogo cha watu wake kilirekodi Chicago mwaka 1936 kwa kampuni nyingine chini ya jina la Jones-Smith Incorporated, kutokana na majina ya mpiga ngoma Jo Jones na mpiga tarumbeta Carl Smith. Anayetaka kujua ni nani alipiga katika santuri za wakati huo hawezi kuitegemea lebo. Hulazimika kuzitafuta kumbukumbu za studio, na zisipopatikana hubaki na masikio yake.

Kumbi za dansi za miji mikubwa zilikuwa zikizivuta bendi upande mwingine. Ukumbi wenye wachezaji mamia, katika enzi ambayo vipaza sauti vilikuwa bado dhaifu, ulihitaji honi nyingi. Katika ukumbi wa Roseland, New York, mwaka 1924, Fletcher Henderson alikuwa na wapigaji wapatao kumi na mmoja, Armstrong akiwa mmoja wao, na hapo kanuni ya New Orleans haikuweza kufanya kazi tena. Aliyelitatua tatizo hilo alikuwa mpiga saksafoni Don Redman. Aliwagawa wapigaji katika safu: saksafoni na klarineti upande mmoja, tarumbeta na tromboni upande mwingine, na nyuma yao piano, banjo, tuba na ngoma. Kila safu iliandikiwa sauti zake, safu moja ikaita na nyingine ikaitikia, kwa utaratibu uliokuwa ukisikika makanisani mwa Wamarekani Weusi, na katikati ya maandishi ikaachwa nafasi ya mpigaji mmoja kusimama na kubuni. Bendi kubwa za enzi ya swingi zilijengwa juu ya mpango huo, na mwandishi wa muziki akawa mtu muhimu karibu sawa na kiongozi.

Viongozi hao waliziita bendi zao okestra, na walikuwa na sababu. Tarehe 12 Februari 1924 Paul Whiteman alikuwa amepiga katika ukumbi wa Aeolian Hall, New York, tamasha lililotoa kwa mara ya kwanza Rhapsody in Blue ya George Gershwin, na magazeti yakazungumza juu ya jazi kwa lugha ya muziki wa simfoni. Kwa kiongozi Mweusi, kuandikwa okestra kwenye bango kulimaanisha kudai kazi, malipo na adabu. Ellington alianza kupiga Cotton Club tarehe 4 Desemba 1927 akiwa na watu kumi na mmoja. Kufikia mwaka 1940 walikuwa kumi na watano, wenye tarumbeta tatu, tromboni tatu, saksafoni na klarineti tano na safu ya mdundo ya piano, gitaa, besi na ngoma. Basie alikuja kwa njia nyingine. Katika klabu ya Reno, Kansas City, alikuwa na watu tisa waliotunga bila karatasi: mmoja alianzisha kipande kifupi cha kurudiwarudiwa, wenzake wa safu wakakidaka, safu nyingine ikajibu. Alipoondoka kwenda Chicago na New York mwaka 1936 bendi ilipanuliwa hadi watu kumi na watatu, na mtindo huo ulipona, jambo linaloonyesha kwamba maandishi hayakuwa njia pekee ya kuongoza kundi kubwa. Bendi ya wanawake iliyotokea katika shule ya Piney Woods, Mississippi, mwaka 1937, yaani International Sweethearts of Rhythm, nayo ilikuwa na ukubwa kamili wa okestra za wanaume, na ilivuta umati uleule wa wacheza dansi.

Ndani ya okestra hizo ndimo majina ya muziki wa vyumbani yalipojitokeza kwa uzito wake wa kweli. Paris ilitangulia: mwaka 1934 Django Reinhardt na Stéphane Grappelli waliunda Quintette du Hot Club de France, yenye magitaa matatu, fidla na besi, bila ngoma wala honi. Mwaka 1935 Benny Goodman, aliyekuwa na okestra ya dansi, alirekodi na mpiga piano Teddy Wilson na mpiga ngoma Gene Krupa kwa jina la Benny Goodman Trio. Klarineti, piano na ngoma, bila besi: kila noti ilisikika, na hapakuwa na mahali pa kujificha. Wilson alikuwa Mweusi, wenzake weupe, na bendi zenye mchanganyiko huo hazikuonekana hadharani katika hoteli za Marekani. Mwaka 1936, katika hoteli ya Congress huko Chicago, trio ilipanda jukwaani mbele ya watu. Wilson hakukaa na okestra. Alitokea kwenye kipindi cha trio peke yake, kama kitu maalumu cha kusikilizwa. Mwaka huohuo Lionel Hampton na vibrafoni yake waliigeuza kuwa kwarteti, na mwaka 1939 gitaa la umeme la Charlie Christian likaja na seksteti. Kikundi kidogo kilivunja ukuta ambao okestra ilikuwa haijaugusa, na jina lake la heshima lilisaidia kuonyesha kwamba hayo yalikuwa mambo ya sanaa.

Wengine waliiga desturi hiyo ya bendi ndani ya bendi. Artie Shaw alikuwa na Gramercy Five mwaka 1940, jina lililotokana na kituo cha simu cha New York. Ukihesabu wapigaji utapata sita, lakini lebo ilimtaja Shaw na watano wake, na kwa kusoma hivyo hakuna kosa. Raymond Scott naye aliongoza watu sita kwa jina la kwinteti. Majina yenye neno la umiliki, fulani na watano wake, yalihesabiwa kwa njia mbili, mara kiongozi akiwemo, mara akiwa nje.

Vita Kuu ya Pili iliziangusha bendi kubwa. Wapigaji walichukuliwa jeshini. Mpira na petroli viligawiwa kwa kipimo, na bendi iliyoishi kwa safari za mabasi ikakwama. Chama cha wanamuziki kiligoma kurekodi kuanzia Agosti 1942, na kampuni kubwa za mwisho zilikubali masharti yake Novemba 1944. Katika muda huo waimbaji, ambao hawakuwa wanachama, walipanda juu. Kisha ikaja kodi ya serikali kuu ya mwaka 1944, asilimia 30 mwanzoni na baadaye 20, juu ya mauzo ya mahali penye dansi au uimbaji. Muziki wa ala pekee, wa kukaa na kusikiliza, haukutozwa. Mwenye klabu alielewa haraka: aondoe uwanja wa dansi, aongeze meza, aajiri watu watano badala ya kumi na watano. Mwishoni mwa mwaka 1946 bendi za Goodman, Woody Herman, Harry James na Tommy Dorsey zilikuwa miongoni mwa zilizovunjwa. Hata Basie alilazimika mwaka 1950 kushuka hadi kikundi kidogo, kabla ya kujenga okestra mpya mwaka 1952. Katika miaka hiyo neno kombo lilishika nafasi ya jina la jumla la bendi yoyote ndogo, na neno bendi kubwa likazoeleka kama kinyume chake.

Kwinteti ilikuwa umbo la kwanza la jazi mpya iliyoitwa bibopu. Mwaka 1945, katika klabu za Mtaa wa 52, New York, Dizzy Gillespie na Charlie Parker walisimama na tarumbeta na saksafoni mbele ya piano, besi na ngoma. Honi mbili zilipiga wimbo mgumu kwa sauti moja, zikaachana, kila mmoja akabuni kwa zamu yake, zikarudi pamoja. Hakukuwa na haja ya mwandishi. Zilitosha kumbukumbu na mazoezi. Umbo hilo liliwafaa Clifford Brown na Max Roach mwaka 1954, Horace Silver, na Miles Davis mara mbili, katika miaka ya 1950 na tena mwaka 1964 hadi 1968 pamoja na Wayne Shorter, Herbie Hancock, Ron Carter na Tony Williams. Tarehe 15 Mei 1953 Parker, Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach walipiga katika ukumbi wa Massey Hall, Toronto. Santuri ya tamasha hilo ilitoka kwa jina la The Quintet tu, na Parker, aliyefungwa na mkataba wa kampuni nyingine, akaandikwa Charlie Chan.

Trio ndiyo yenye umbo lisilotulia kuliko yote, kwa sababu jina halisemi ni ala zipi. Nat King Cole, kuanzia mwaka 1937, alikuwa na piano, gitaa na besi, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyoeleweka kuwa trio ya piano. Art Tatum aliifuata mwaka 1943, na Oscar Peterson aliishika hadi mwaka 1958. Gitaa lilichukua kazi ya ngoma kwa mkwaruzo wa kila pigo. Mwaka 1959 Peterson alimleta Ed Thigpen kwenye ngoma mahali pa gitaa, na katika mwaka huohuo Bill Evans, Scott LaFaro na Paul Motian walianza kupiga piano, besi na ngoma kama mazungumzo ya watu watatu wenye haki sawa. LaFaro hakuikubali besi ya kutembea tu chini ya piano. Aliijibu piano, akaiuliza, akaitangulia. Rekodi zao za tarehe 25 Juni 1961 katika klabu ya Village Vanguard ni kipimo cha trio hadi sasa. Siku kumi na moja baadaye LaFaro alifariki kwa ajali ya gari. Njia nyingine zilikuwapo. Jimmy Smith, kuanzia mwaka 1956, alitumia ogani ya Hammond pamoja na gitaa na ngoma, besi ikitoka kwenye mkono wake wa kushoto na miguu yake. Sonny Rollins mwaka 1957 aliondoa piano kabisa na kubaki na besi na ngoma nyuma ya saksafoni.

Chini ya trio kuna duo, na hapa sheria ya mji ilisaidia kuamua. Sheria ya New York ya mwaka 1926 ilidai leseni maalumu kwa kila baa au mkahawa wenye muziki. Baadaye ulitolewa msamaha kwa muziki wa kusindikiza chakula, lakini kwa wanamuziki watatu tu wenye kinanda au ala za nyuzi. Honi na ngoma zilikatazwa. Vizuizi hivyo viliondolewa mahakamani katika miaka ya 1980, ule wa ala kwanza, kisha mwaka 1988 ule wa idadi. Hadi hapo mahali pengi padogo palikuwa pa piano na besi, au piano na gitaa. Duo ilikuwa na fahari yake tangu zamani: Armstrong na Hines walirekodi hivyo Desemba 1928, na Ellington alifanya vivyo hivyo na mpiga besi Jimmy Blanton mwaka 1939 na 1940.

Kwarteti, honi moja mbele ya piano, besi na ngoma, ikawa kipimo cha mpigaji anayetaka kubeba usiku mzima peke yake. Ya John Coltrane, yenye McCoy Tyner, Jimmy Garrison na Elvin Jones, iliusukuma mzigo huo hadi mwisho. Gerry Mulligan aliondoa piano huko Los Angeles mwaka 1952 na kupiga na tarumbeta ya Chet Baker. Modern Jazz Quartet ilizaliwa ndani ya bendi kubwa ya Gillespie: piano, vibrafoni, besi na ngoma zilipiga peke yake ili kuwapumzisha wapiga honi. Kwa muda iliitwa kwa jina la Milt Jackson, mpiga vibrafoni, hadi mwaka 1952 ilipochukua jina lisilo la mtu yeyote, nalo likatangaza ushirika wa wanne. Ornette Coleman alipowaleta watu wanane studio mwezi Desemba 1960 hakuwaita okteti. Walikuwa kwarteti mbili zenye muundo mmoja, kila moja katika upande wake wa stereo, na jina kwarteti maradufu lilieleza muziki ulivyopangwa.

Seksteti, septeti na okteti hazikupata umbo moja la kudumu. Katika seksteti honi ya tatu iliruhusu sauti tatu zipangwe kwa maandishi mepesi. Ndiyo maana Art Blakey aliiongeza kwa Jazz Messengers mwaka 1961. Noneti ni habari nyingine, kwa sababu idadi yake ilitafutwa kwa makusudi. Mwaka 1947 na 1948 Gil Evans, Gerry Mulligan na wenzao walikuwa wakijiuliza ni wapigaji wangapi walihitajika, kwa uchache, ili kupata rangi za okestra ya Claude Thornhill, iliyokuwa na pembe za Kifaransa na tuba. Jibu lilikuwa tisa: tarumbeta, tromboni, pembe ya Kifaransa, tuba, saksafoni ya alto na ya baritoni, piano, besi na ngoma. Miles Davis aliongoza. Walipiga katika klabu ya Royal Roost mwaka 1948 na kurekodi kwa Capitol mwaka 1949 na 1950, na lebo zikaandika Miles Davis and His Orchestra, kwa vile hakuna aliyeona noneti kuwa jina la kuuzia. Jina hilo lilikuja kushika baada ya rekodi hizo kukusanywa mwaka 1957 katika Birth of the Cool. Mulligan aliongeza mmoja mwaka 1953, na wa kumi wakawa na majina ya kubuni, tenteti na dekteti, yasiyokubaliwa na wote.

Wapigaji wa miaka ya 1960 walipochoka na ngazi nzima, walitafuta majina yaliyo nje ya hesabu. Mingus alikuwa tayari na Jazz Workshop, karakana yenye watu watatu au kumi na mmoja kulingana na kazi. Sun Ra naye alikuwa amekwisha kuiita okestra yake Arkestra, neno lililobeba safina ndani yake. Huko Chicago chama cha wanamuziki cha AACM, kilichoundwa mwaka 1965, kililea vikundi ambavyo kila mwanachama alipiga ala nyingi, kiasi kwamba kuhesabu watu hakukueleza sauti. Wanne wao walikwenda Paris mwaka 1969 na hapo wakawa Art Ensemble of Chicago.

Bendi kubwa haikufa, ila iliacha kuwa ajira ya kila siku kwa wengi. Muundo wake ulituama kwenye saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne na wanne wa mdundo, jumla kumi na saba, na ndio unaofundishwa katika shule na vyuo vya Marekani. Mwezi Februari 1966 Thad Jones na Mel Lewis waliwakusanya wapigaji waliokuwa wakipata riziki yao katika studio za New York, wakaanza kupiga Village Vanguard kila Jumatatu, siku ambayo klabu ilikuwa tupu. Jones aliondoka mwaka 1979, Lewis akafariki mwaka 1990, na bendi ikachukua jina la klabu: Vanguard Jazz Orchestra. Imeendelea kupiga Jumatatu.